Onyo la daraja la pili

Lugha ya C humwachia mwandishi wa programu mzigo ambao lugha nyingi za leo huubeba zenyewe: kuhakikisha data inaenea katika nafasi iliyotengewa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ikizidi, C hainung'uniki. Huendelea kuandika juu ya kilichopo jirani. Novemba 2, 1988, mnyoo wa Robert Morris, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulisambaa kwenye intaneti ya Marekani kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa fanksheni ya gets, ambayo hupokea maandishi bila kuuliza nafasi iliyopo ni kiasi gani. Iliyokuwepo ilikuwa baiti 512. Gets ilikuja kuondolewa katika kiwango rasmi cha C mwaka 2011, baada ya miaka 23.

Kwa kuwa fanksheni za aina hiyo zinajulikana kwa majina, zinaweza kusakwa kwa majina. Ndivyo inavyofanya Flawfinder, programu ambayo David Wheeler aliitoa mwaka 2001. Hupitia msimbo haraka, huruka maelezo ya pembeni, kisha hutoa orodha ya maonyo kwa madaraja ya hatari, la juu likiwa 5. Gets hupewa 5; strcpy, inayonakili maandishi, hupewa 4. Memcpy, inayonakili idadi ya baiti uliyoitaja mwenyewe, hupewa 2 tu.

Daraja hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Aprili 2014 dunia ilitangaziwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno. Kompyuta mbili zilizounganishwa hutumiana ujumbe mfupi wa kuulizana kama nyingine bado ipo: moja hutuma maneno na kutaja urefu wake, nyingine huyarudisha kama yalivyo. OpenSSL iliamini urefu uliotajwa. Mdukuzi alituma baiti chache, akadai ni maelfu, na memcpy ikamnakilia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokaa karibu, zikiwemo nywila na funguo za siri.

Sasa soma onyo la Flawfinder juu ya memcpy: hakikisha mahali pa kunakilia panatosha. Palitosha! Nafasi ilitengwa kwa urefu ule ule wa uongo. Kilichopungua kilikuwa chanzo. Mkaguzi mwaminifu angefuata ushauri huo, akaridhika, akaenda zake. Zaidi ya hapo, marekebisho yalikuwa kuongeza sharti la kulinganisha urefu uliodaiwa na ukubwa wa ujumbe uliofika. Mstari wa memcpy ukabaki vile vile. Kifaa kinachosaka majina hutoa onyo lile lile kabla na baada ya tiba.

Vipo vifaa vya aina ya pili, ambavyo hufuatilia thamani tangu ilipoingia hadi ilipotumika. Coverity ni kimojawapo, nacho pia hakikuwa kimeigundua Heartbleed, kwa sababu njia ya data ndani ya OpenSSL ni ndefu na yenye kona nyingi. Baadaye wahandisi wake walipata hila ninayoipenda: namba inayogeuzwa mpangilio wa baiti zake karibu kila mara imetoka kwenye mtandao, kwa hiyo ihesabiwe kuwa ya mgeni asiyeaminika. Ubashiri tu, lakini ulifika palipotakiwa.

Kwa maoni yangu, Flawfinder bado ina kazi, mradi isichukuliwe kama hakimu. Iendeshe kwanza kwenye mistari iliyobadilishwa wiki hii, si kwenye msimbo wote wa miaka kumi; maonyo mia tisa hayasomwi na mtu. Katika kila memcpy uliza swali ambalo onyo haliulizi: urefu huu umetajwa na nani? Na anayetaka kunyamazisha onyo, jambo ambalo Flawfinder inaruhusu kwa maelezo mafupi ndani ya msimbo, aandike hapo hapo ni sharti lipi, katika mstari upi, linaloithibitisha namba hiyo.