Kipima udongo cha mkononi: kinaona nini, na nini hakioni?

Mkulima wa Nyacheki anayejiandaa kwa mvua ndefu hujiuliza swali lile lile kila mwaka: ninunue mbolea gani? Hata baada ya bei ya mbolea ya ruzuku kushushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2023, mfuko usiofaa shamba lako ni hasara. Siku hizi nchini kuna watoa huduma wanaopima udongo papo hapo kwa kifaa cha mkononi. Kabla ya kulipa, ni vyema kujua kinavyofanya kazi.

Kinapimaje?

Kifaa humulika udongo kwa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Mwanga huo una mawimbi ya takriban nanomita 780 hadi 2,500. Maji, mfinyanzi na mboji hufyonza mwanga huo kila kimoja kwa namna yake. Unaorudi hupokelewa na chipu yenye vihisi, ambayo husoma ni sehemu gani imepungua.

Zamani kazi hii ilihitaji mashine ya kujaza meza. Mwaka wa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walieleza chipu moja yenye vihisi 16, ambayo waliijaribu pia katika kupima mafuta ya maziwa. Hapa Afrika, kampuni ya Si-Ware iliyoanzia Cairo, Misri, hutengeneza kipimo cha aina hii juu ya chipu ya silikoni.

Matokeo yanatoka wapi?

Chipu haipimi mbolea moja kwa moja. Hulinganisha mwanga uliorudi na kumbukumbu za udongo mwingine uliokwisha kupimwa kwa kemikali katika maabara. Mwaka wa 2002, watafiti Keith Shepherd na Markus Walsh wa kituo cha ICRAF, Nairobi, walichapisha kazi iliyotumia zaidi ya sampuli 1,000 kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Ikiwa kumbukumbu hazina udongo unaofanana na wako, jibu litakuwa la kubahatisha.

Kifaa hukadiria vizuri mboji, mfinyanzi na naitrojeni ya jumla. Kwa fosforasi na potasiamu ambazo mmea unaweza kuzitumia, makadirio huwa dhaifu. Kiwango cha asidi hukadiriwa kwa njia ya mzunguko tu, ilhali hilo ndilo jambo kubwa kwetu. Mvua nyingi za nyanda zetu huosha madini, na DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza asidi. pH ikishuka chini ya 5.5, fosforasi hufungwa udongoni na mahindi hayaipati hata ukiongeza mbolea. Hapo huhitajika chokaa ya shambani kwanza.

Ufanye nini?

1. Chukua udongo sehemu 10 hadi 20 za shamba, kina cha sentimita 20. Epuka palipokuwa na samadi, zizi au njia ya ng'ombe.
2. Changanya katika ndoo safi, kisha utoe nusu kilo. Anika kivulini, kwani unyevu huvuruga usomaji wa mwanga.
3. Muulize mtoa huduma: kumbukumbu za kifaa hiki zina udongo wa nyanda za Kisii? pH imepimwa au imekadiriwa?
4. Ukishauriwa kununua chokaa, au kubadilisha mbolea kwa shamba lote, thibitisha kwanza kwa kipimo cha maabara.
5. Pima mapema. Chokaa huhitaji mwezi mmoja au zaidi udongoni kabla ya kupanda.

Kwa ushauri zaidi kuhusu kupima udongo, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua mbolea.