Jina Moja, Faharasa Mbili: Migongano ya Majina katika Injini za Kutafutia Matini

Mtafiti wa Kiswahili wa leo aghalabu haanzi kazi yake kwa kufungua kurasa, bali kwa kuuliza kongoo. Huandika neno, na injini ya kutafutia humrudishia matini zenye neno hilo. Asipopata kitu, huhitimisha kwamba neno halitumiki. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba ukimya huo pengine hautokani na lugha, bali na mgongano wa majina ndani ya mtambo wenyewe.

Tuanze na istilahi. Katika Elasticsearch, injini iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010 juu ya msingi wa Lucene, matini huwekwa katika faharasa, nayo faharasa yaweza kugawanywa katika kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja. Kila faharasa ina jina lake, na yaweza kupewa pia lakabu. Mathalani, faharasa huitwa *kongoo-1*, na lakabu yake *kongoo*. Matini zikipangwa upya katika *kongoo-2*, lakabu huhamishwa tu, na mtafiti huendelea kuuliza kwa jina lilelile.

Majina hayo yana kanuni. Jina la faharasa lisiwe na herufi kubwa, lisianze kwa kistari, wala lisizidi baiti 255. Anayekiuka haya hukataliwa papo hapo, na hakuna hasara. Hatari imo katika kanuni nyingine: lakabu isifanane na jina la faharasa yoyote iliyomo katika kundi.

Tuchukulie kwamba msimamizi ameiondoa lakabu, akikusudia kuirudisha baada ya muda mfupi. Katika mwanya huo, programu ya kuingiza matini inaandika katika *kongoo*. Injini, isipokatazwa, huunda faharasa mpya yenye jina hilo. Msimamizi akirudi kuiweka lakabu, hukataliwa, kwani jina limekwisha kukaliwa. Wakati huohuo mtafiti anajibiwa kutoka faharasa changa yenye matini chache, wala haoni dalili ya kosa.

Utatuzi una mpangilio wake. Kwanza, programu zote za kuingiza matini zisimamishwe. Pili, iombwe orodha ya faharasa na lakabu zote, ili ijulikane jina lipi ni la nini. Tatu, matini zilizopotea njia zinakiliwe katika faharasa halisi na idadi yake ihakikiwe. Nne, kwa agizo moja lisilogawanyika, faharasa iliyozuka ifutwe na lakabu iwekwe mahali pake. Mwisho, uundaji wa faharasa pasipo idhini uzuiwe. Na siku zijazo lakabu ihamishwe kwa agizo moja, pasipo kuacha mwanya.

Wanaisimu tumezoea kuhakiki chanzo cha kila mfano. Hatuna budi kuhakiki pia jina lililotujibu. Kukosekana kwa neno katika faharasa si ushahidi wa kukosekana kwake katika lugha, hasa pale isipojulikana ni faharasa ipi iliyoulizwa.