Redio Kuukuu: Msiitupe Kabla ya Kuiangalia

Nyumba nyingi zina redio moja kuukuu iliyolala juu ya kabati au ghalani. Ilinunuliwa na baba au babu, siku moja ikanyamaza, na tangu hapo imekuwa nyumba ya mende. Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo imekufa." Sisi tumefungua kadhaa za namna hii, na tumeona nyingi hazijakufa. Zina ugonjwa mdogo tu, ambao kikundi chaweza kuutibu.

Redio za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Zile za kabla yake zilitumia valvu za kioo, zilizopata moto na kula umeme mwingi. Transista ni kidude kidogo kama punje ya hindi na hutumia umeme kidogo sana. Ndiyo maana redio iliweza kuongea kwa mawe tu, mahali pasipo na stima. Transista yenyewe haichakai upesi. Mara nyingi kinachoharibika ni vitu vinavyoizunguka.

JE, ITAWAFAA?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, someni maandishi pale panapoonyesha stesheni. Redio nyingi za zamani zina MW na SW peke yake. Siku hizi stesheni nyingi za Kenya, pamoja na zile za lugha zetu za nyumbani, ziko FM. Redio isiyo na FM haitazipata hata mkiitengeneza namna gani. Basi amueni mapema kama mnaitaka kwa kusikiliza au kwa ukumbusho.

ANZENI NA YALIYO RAHISI

1. Mawe. Mawe yakiachwa ndani huvuja, na yale maji yake hula springi na vyuma. Toeni mawe, sugueni ukutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, pangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha mkaushe. Nawa mikono, na watoto wakae mbali. Tieni mawe mapya yote kwa pamoja. Msichanganye mapya na yaliyotumika.

2. Tundu la kusikilizia sikioni. Ndani yake mna kisahani kinachozima spika. Kikiingia uchafu, spika hunyamaza ingawa redio ni nzima. Ingizeni na kutoa plagi yake mara kadhaa. Tumeona redio ikiamka kwa jambo hili tu!

3. Sauti inayokwaruza. Kama inakwaruza mnapoongeza sauti, ni vumbi. Zima redio, mzungushe huku na huku mara 30 hivi. Msitie mafuta ya kupikia wala mafuta ya taa. Yatakusanya vumbi zaidi.

4. Spika iliyopasuka. Bandikeni karatasi nyembamba sana kwa gundi kidogo, kisha mwache ikauke.

Kama redio ina waya wa stima, ing'oeni ukutani kabla ya kufungua skrubu hata moja. Sehemu inayopokea stima mwachieni fundi.

KOSA LETU

Ndani mtaona visanduku vidogo vya chuma vyenye skrubu za rangi: njano, nyeupe, nyeusi. Mama mmoja mjane alituletea redio ya marehemu mume wake. Ilikuwa ikipata stesheni mbili kwa shida. Tulipoona skrubu zile tukadhani zimelegea, tukazikaza. Ikanyamaza kabisa. Kumbe hazikazwi hizo. Hupimwa kiwandani ili redio ichague stesheni moja na kuziacha nyingine. Ilibidi fundi azirudishe kwa mashine yake, na gharama tukalipa sisi. Mama hakutugombeza, lakini tuliona haya. Kwa hivyo tunasema: skrubu za rangi msiziguse.

KAZI YA FUNDI

Redio ikitoa sauti hafifu, au ikiguruma put-put-put kama pikipiki hata kwa mawe mapya, huenda kapasita zimekauka. Ni vile vidude vya mviringo kama pipa dogo, navyo hukauka kwa miaka mingi. Fundi akibadilisha, mpya iwe na kipimo kile kile, volti zisipungue zile za zamani, na upande wa kutoa ukae pale pale ulipokuwa. Ulizeni bei kwanza, na mwombe awarudishie vile vya zamani mvione.

Yule mama alirudishiwa redio yake ikiongea. Jioni ile aliiweka mezani, pale pale mumewe alipokuwa akiiweka.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

- Ni redio ngapi zilizonyamaza katika nyumba zetu? Ngapi zina FM?
- Ni nani kati yetu, hasa vijana, angependa kujifunza kulehemu kwa fundi?
- Tutakubaliana vipi kuhusu gharama kabla ya kufungua redio ya mtu mwingine?