Diplomasia ya biashara: Kazi ya kupigania neno moja hadi usiku wa manane

UKIWAULIZA vijana kumi balozi hufanya kazi gani, tisa watakutajia gari lenye bendera, suti kali na karamu. Gari lipo, sitakudanganya. Lakini kuna wanadiplomasia ambao siku yao haina karamu nyingi. Hawa ndio wanaokaa mezani kujadili ushuru, ruzuku, dawa, maua na sukari kwa niaba ya nchi. Wakifanya kazi yao vizuri, hutasikia majina yao. Wakikwama, mtu wa Naivasha atajua kabla yako.

Na si maneno tu. Oktoba 1, 2014, maua ya Kenya yaliyokuwa yakiingia Ulaya bila kulipiwa chochote yalianza kutozwa ushuru wa hadi asilimia 8.5. Kwa nini? Muda wa mpango wa mpito ulikuwa umekwisha kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya kumaliza mazungumzo ya mkataba mpya. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa, kwa sababu zimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi duniani, na kundi hilo lina mlango wake wa kuingia Ulaya bure. Kenya haimo. Kumbe kuonekana tajiri kidogo kuliko jirani nako kuna gharama yake!

Wajumbe walielewana jijini Brussels katikati ya Oktoba, lakini taratibu za kisheria zikachukua wiki nyingine kadhaa. Ushuru uliondolewa Desemba 25. Karibu miezi mitatu, na ua la waridi halina subira hiyo. Nakuomba ukumbuke kisa hiki unaposoma yanayofuata, kwa sababu ndani yake hapakuwa na vita wala mapinduzi. Palikuwa na tarehe tu kwenye karatasi, na watu waliotakiwa kuiwahi.

Sasa, mtu huingiaje kwenye kazi kama hii? Hebu tumtazame Mkenya mmoja ambaye safari yake iko wazi kwa kila mtu kuisoma: Amina Mohamed.

Alizaliwa Kakamega mwaka 1961 katika familia ya Wakenya wenye asili ya Kisomali. Alisomea shule ya msingi mjini humo, akapita Butere Girls, kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma sheria Kyiv, Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Hebu jiweke katika nafasi yake: msichana wa Kakamega, baridi ya kuganda, na sheria ya kimataifa unafundishwa kwa lugha ambayo kwenu hakuna anayeizungumza. Baadaye aliongeza stashahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Aliporudi nyumbani hakupewa ubalozi. Alianza kama ofisa wa sheria katika Wizara ya Serikali za Mitaa, kisha mwaka 1986 akahamia Wizara ya Mashauri ya Kigeni kama mshauri wa kisheria. Miaka ya mwanzo ya tisini alikuwa Geneva, Uswisi, akihudumu kama mshauri wa sheria kwenye ofisi ya Kenya. Alirejea mji huo huo kama balozi mwaka 2000. Piga hesabu: kutoka meza ya kwanza ya wizara hadi ubalozi ni kama miaka kumi na mitano. Siku hizi kuna vijana wanaotaka kuwa wakurugenzi baada ya miezi sita ya mafunzo ya kazini. Haya, nimenyamaza.

Geneva ndiko yaliko makao ya Shirika la Biashara Duniani, WTO. Shirika hilo lilianzishwa 1995, na mwaka 2005 Amina akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu lake. Ukitaka kuelewa uzito wa kiti hicho, ni lazima ujue jinsi wanavyoamua mambo pale. Hawapigi kura. Wanakubaliana wote, au hakuna uamuzi. Nchi moja tu, kubwa au ndogo, ikisema hapana, mmerudi mwanzo. Kwa hivyo mwenyekiti hawezi kuamrisha. Kazi yake ni kusikiliza wajumbe wawili wawili, watatu watatu, kujua nani anabisha kwa dhati na nani anapandisha bei, halafu kutafuta sentensi ambayo kila mmoja anaweza kwenda nayo kwao bila aibu.

Sentensi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Rasimu za mikataba huja zimejaa mabano ya mraba. Kila mabano ni ugomvi: upande mmoja unataka neno hili, mwingine unataka lile. Utaona wajumbe wamekesha usiku kucha kwa sababu ya tofauti kati ya “nchi itafanya” na “nchi itajitahidi kufanya”. Ukisoma haraka haraka utadhani ni mchezo wa maneno. Si mchezo. Ukikubali “itafanya” na usifanye, unaweza kushtakiwa. Ukiachiwa “itajitahidi”, umepewa mlango wa nyuma. Nchi tajiri huja na mawakili chungu nzima wa kunusa milango kama hiyo. Nchi kama yetu inaweza kuwa na ofisa mmoja anayekimbia kati ya vikao vitatu vinavyoendelea saa ile ile.

Desemba 6, 2005, Baraza Kuu likiwa chini ya Amina lilipitisha marekebisho ya mkataba wa hakimiliki ili nchi zisizo na viwanda vya dawa ziweze kuagiza dawa za bei nafuu zilizotengenezwa kwingine bila idhini ya kampuni yenye hataza. Huo ulikuwa wakati Ukimwi unaua watu wetu kwa wingi. Uamuzi huo haukuwa wa maandishi yake peke yake. Ulipita pamoja na taarifa ambayo mwenyekiti aliisoma mbele ya wote, ya kuwahakikishia wenye wasiwasi kwamba mpango utatumiwa kwa nia njema na dawa hazitageuzwa njiani. Bila taarifa hiyo, kuna wajumbe wasingeinama.

Je, mpango huo ulifaa? Hapa sitaki kukupaka asali. Rwanda iliutumia mwaka 2008 kupata dawa za Ukimwi kutoka Canada. Zaidi ya hapo umetumika kidogo mno, kwa sababu utaratibu wake una hatua nyingi za kuchosha. Hatua hizo ndizo zilizokuwa bei ya kupata “ndiyo” ya kila mtu. Ukiingia katika kazi hii, zoea kitu kama hicho: unashinda, na ushindi wenyewe una kasoro ambayo uliiona mapema na ukaikubali, kwa sababu bila hiyo usingepata chochote.

Miaka kumi baadaye mkutano wa mawaziri wa WTO ulikuja Nairobi, katika jengo la KICC, na mwenyekiti alikuwa yeye huyo, sasa akiwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika. Ulipangwa kumalizika Desemba 18, 2015. Ikafika siku hiyo, hakuna mkataba. Wajumbe wakakesha na kikao kikasongezwa hadi tarehe 19.

Waliposimama walikuwa wamekubaliana kukomesha ruzuku za kuuza mazao nje. Nchi zilizoendelea ziliziacha papo hapo, isipokuwa kwa bidhaa chache, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwisho wa 2018, ingawa msaada wa gharama za usafirishaji uliongezewa muda. Maana yake kwako ni rahisi. Serikali ya nchi tajiri inapomlipa mkulima wake ili auze nje, mazao yake hutua sokoni kwa bei ambayo mkulima wa Nyandarua au Malawi hawezi kuigusa hata akeshe shambani. Wakati huo huo, mkutano ulishindwa kuelewana kuhusu hatima ya ajenda ya Doha, mazungumzo yaliyoanza 2001 na ambayo nchi nyingi maskini zilikuwa zimeyategemea. Tamko la mwisho lilikiri waziwazi kwamba wanachama hawana kauli moja. India ilisikitika hadharani. Mimi naona Nairobi ilipata kitu kikubwa na ikalipia kwa kitu kikubwa, na anayekuambia upande mmoja tu anakuuzia.

Usidhani pia kuwa sifa hizo zilimhakikishia kila kitu. Mwaka 2005 Amina ndiye aliyesimamia mchakato wa kumtafuta mkurugenzi mkuu wa WTO, uliompa Mfaransa Pascal Lamy kazi. Mwaka 2013 akaiwania yeye mwenyewe miongoni mwa watu tisa, akaondolewa katika raundi ya kwanza. Januari 2017 akawania uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, akashindwa na Moussa Faki wa Chad baada ya raundi kadhaa za kura. Mwaka 2020 akarudi tena kwa WTO, wakiwa wanane, akafika kwenye watano wa mwisho, na hatimaye kiti kikaenda kwa Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria. Kila mara nchi nzima ilikuwa inatazama. Kama wewe ukinyimwa kazi moja unazima simu wiki nzima, fikiria hilo vizuri.

Si lazima pia upite njia yake. Mukhisa Kituyi, wa Bungoma, alipitia bungeni na Wizara ya Biashara kabla ya kuongoza shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, kuanzia 2013 hadi 2021. Wapo pia wachumi, wataalamu wa kilimo, hata wa forodha, ambao huketi nyuma ya waziri na kumpitishia vikaratasi. Waziri akizungumza vizuri, mara nyingi ni kikaratasi.

Kuhusu kuingia: nafasi za wizara hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na ushindani ni mkali. Shahada ya sheria, uchumi au uhusiano wa kimataifa husaidia. Taasisi ya utafiti wa sera, KIPPRA, ina mpango wa mwaka mmoja kwa wataalamu vijana, na Umoja wa Mataifa una mtihani wake kwa walio na umri usiozidi miaka 32. Ongeza lugha. Kifaransa kitakufungulia nusu ya Afrika. Na ujue mapema kwamba utahamishwa kila baada ya miaka michache, watoto wabadilishe shule, mzazi augue ukiwa mbali, na siku nyingine kiti ulichokingojea apewe mwanasiasa aliyeanguka kwenye uchaguzi. Manung'uniko hayo utayasikia kwa maofisa wengi wa kazi hii.

Ukitaka kujipima, usianze na fomu. Tafuta mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi Desemba 18, 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024. Uko mtandaoni, bure. Fungua jedwali la ushuru, tafuta bidhaa moja unayoijua, labda maziwa au nguo, uone kama Kenya imefungua mlango, imeufungua nusu au imeufunga. Ukiona usingizi kufikia ukurasa wa tatu, hakuna ubaya, kazi ni nyingi duniani. Ukijikuta unauliza kwa nini bidhaa hii imewekwa hapa na ile pale, endelea kusoma. Kenya itakuwa ikipunguza ushuru kwa bidhaa za Ulaya hatua kwa hatua, kwa muda unaofika miaka 25, na kila hatua itahitaji mtu wa kukaa mezani. Hatua ya mwisho ni 2049. Hesabu utakuwa na miaka mingapi.