Mjomba wa Marekani aje kumwona bibi au asije?

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nashughulikia jambo la kifamilia, na leo nimeamua kulimwaga hapa maana nimegundua si la kwetu peke yetu. Hapa Lugoba tu, ukianzia barabarani yanakosimama mabasi ya Tanga mpaka kule wanakoponda kokoto, nazijua nyumba tatu zenye mtoto au ndugu huko Unyamwezini "anayesubiri makaratasi". Na nyumba zote tatu zina ugomvi uleule: kwa nini haji nyumbani?

Kwetu mwenye makaratasi ni mjomba, mdogo wake mama. Aliondoka mwaka 2016 kwa viza ya matembezi. Uwanja wa ndege alipewa miezi sita, akakaa miaka. Hapa kijijini tulikuwa tunasema "yuko masomoni", teh teh, kumbe anabeba boksi kama wengine. Baadaye akaoa mwanamke raia wa kule, ndoa ya kweli kabisa na mtoto wanaye, na mwaka 2024 wakapeleka maombi ya grini kadi.

Aprili 2025 bibi akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa mazito. Kikakaliwa kikao chini ya mwembe, na babu mdogo akasema neno ambalo lilimtoa mama machozi: "Mtoto gani anashindwa kuja kumwona mama yake kwa ajili ya kikaratasi?" Mnajua tena, sisi Wakwere ukoo unakwenda kwa mama, na mjomba ni mtu mzito. Asipokuwepo, pengo lake linaonekana mpaka kwa majirani. Basi nikateuliwa mimi nikatafute ukweli wa hicho kikaratasi, kwa sababu ndiye mwenye simu ya maana na bando. Nimemaliza kidato cha nne tu, wala si mwanasheria. Nimesoma, nimeongea na mjomba usiku mwingi, na mara mbili nimemsikiliza wakili wake kupitia simu hiyohiyo.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo hata mama alikuwa nalo. Grini kadi si uraia. Mwenye nayo anaruhusiwa kuishi na kufanya kazi Marekani bila kikomo, lakini ni Mtanzania na pasi yake ni ileile ya Tanzania. Na kuipata kuna njia mbili. Ya kwanza unaombewa ukiwa huku na unahojiwa ubalozini. Ya pili unaombea ukiwa tayari uko kule, kwa fomu inayoitwa I-485. Mjomba yuko njia ya pili, na matatizo ya safari ndipo yalipo.

Sheria ya njia hiyo inasema hivi: ukitoka nje ya Marekani wakati ombi lako halijajibiwa, na huna kibali cha kutoka na kurudi, basi wewe mwenyewe umelitupa ombi. Hakuna anayekufukuza wala anayekuandikia barua ya onyo. Unapanda ndege, na ombi limekufa. Hela ya fomu, na kwa mtu mzima ni dola 1,440, hairudi.

Hapo babu mdogo akasema, "Si ataomba upya akiwa huku?" Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonyamazisha kikao. Tangu sheria ya mwaka 1996, mtu aliyekaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180 halafu akaondoka, anafungiwa asirudi miaka mitatu. Akiwa amekaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, anafungiwa miaka kumi. Angalieni ilivyo ya ajabu: adhabu haianzi kwa kukaa, inaanza kwa kuondoka. Mjomba akiwa ndani, ndoa yake na raia inamruhusu kuombea kulekule japokuwa muda wa viza ulimpita, kwa vile aliingia kwa mlango halali na kukaguliwa. Akivuka mpaka tu, miaka kumi inamwangukia. Msamaha wa kuomba upo, lakini una masharti yake na muda wake, na mtoto wa miaka minne hasubiri.

Sasa hicho kibali. Wenyewe wanakiita advansi paroli, kinaombwa kwa fomu I-131. Kuanzia 2007 aliyelipia fomu kubwa ya I-485 hakulipishwa tena kwa hiki. Ilipofika tarehe 1 Aprili 2024 wakavitenganisha, kibali kikawa na ada yake ya dola 630. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Mjomba alipeleka maombi yake baada ya tarehe hiyo, akapiga hesabu za kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto, akaona safari hana, akaiacha I-131. Simlaumu, ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Lakini kama una ndugu anayejaza fomu sasa hivi, mwambie ajikaze ailipe yote pamoja. Mzazi haugui kwa kufuata ratiba.

Na ukishaiomba unatakiwa ungoje itoke ndipo uondoke. Kuondoka nayo ikiwa bado inashughulikiwa ni sawa na hukuomba.

Kuna mlango wa dharura. Mgonjwa mahututi au msiba unaweza kuomba kibali kiharakishwe, lakini lazima uonyeshe ushahidi. Kazi hiyo ikaniangukia mimi. Barua ya kwanza niliyoletewa kutoka hospitalini (siitaji) ilikuwa na mistari miwili: mgonjwa anaumwa, apewe ushirikiano. Haina tarehe, haina jina la ugonjwa, na muhuri hausomeki. Wakili akairudisha. Nikapanda tena basi nikaomba iandikwe upya: jina kamili la bibi kama lilivyo kwenye cheti, ugonjwa, alilazwa lini, hali yake, jina na cheo cha daktari. Tukaongeza cheti cha kuzaliwa cha mjomba kuonyesha kwamba huyu ndiye mama yake kweli. Herufi moja ya jina la bibi ilikuwa tofauti na kwenye kitambulisho chake cha NIDA, ikabidi tupate barua ya mtendaji wa kijiji. Barua hiyo ikawa ya Kiswahili, na wao wanataka tafsiri kamili ya Kiingereza yenye saini ya mfasiri anayethibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili. Mama akanitazama mimi. Nikamwambia mama, cheti changu cha kidato cha nne unakikumbuka lakini? Tukamtafuta mwalimu mstaafu.

Kuna jambo babu mdogo alilisema ambalo nililipinga kimoyomoyo, nalisema hapa. Alisema mjomba asubiri, likitokea la kutokea ndipo aje kuzika. Ndugu zangu, sisi ni Waislamu. Bibi akifa asubuhi, alasiri tumeshazika. Kutoka Texas hadi Dar kupitia Doha ni safari ya siku nzima na zaidi, bado kibali hakijatoka, bado barabara ya Dar mpaka Chalinze mnaijua wenyewe na malori yake. Mjomba hawezi kuwahi mazishi hata akiwa na grini kadi mkononi. Kwa hiyo kama ni kuja, aje wakati bibi anaweza kumtambua.

Mungu si Athumani, bibi akapata nafuu. Anakaa kitini, anasema maneno machache. Na Novemba 2025 kibali cha mjomba kikatoka, kinaisha Novemba 2026. Tukashangilia sana, mama akapika pilau.

Halafu wakili akamwaga maji. Alisema kibali si viza na wala si ahadi. Ofisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua kukuruhusu au la, mara nyingi baada ya kukuweka chumba cha pembeni na maswali ya saa kadhaa. Ombi kubwa likikataliwa ukiwa nje, kibali kinaweza kufutwa na unabaki Lugoba. Wakikuita kwenye usaili wewe uko huku na hukutoa taarifa, ombi linaweza kuhesabiwa umelitelekeza. Kuhusu ile miaka kumi alimtuliza kidogo. Mwaka 2012 bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua shauri la Arrabally na Yerrabelly, mume na mke wa Kihindi waliokuwa wanatoka na kurudi kwa kibali hiki kwenda kuwaangalia wazazi wao wazee. Bodi ikasema aliyetoka kwa kibali hahesabiwi kuwa "ameondoka" kwa maana ya ile adhabu. Nilipomsomea mama habari hiyo akasema, kumbe na Wahindi wana bibi.

Tiketi ikapangwa ya mwishoni mwa Januari 2026, nauli zikishashuka. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump akasaini tangazo lililoiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya sehemu, kuanzia 1 Januari 2026. Zikasimamishwa viza za matembezi, za wanafunzi, na za wahamiaji. Na lile dirisha la ndugu wa karibu wa raia, ambalo lilikuwepo kwenye tangazo la Juni 2025, likaondolewa. Tarehe 1 Januari 2026 yenyewe USCIS, ile idara inayoshika maombi ya mjomba, ikatoa waraka wa kusimamisha maamuzi ya maombi ya watu wa nchi zilizoongezwa.

Niliirudia hii mara tatu mpaka nikaielewa, nisaidieni kuisoma polepole. Zamani mtu akikwama huku, ombi la ndani likafa, angalau mkewe angeweza kumwombea viza ya mhamiaji kupitia ubalozi wa Dar. Ingechukua muda, ingehitaji msamaha, lakini ni mlango. Tangazo hilo limeupiga mlango huohuo. Kwa hiyo kibali cha mjomba ni kilekile, tarehe ni zilezile, ila gharama ya kukosea imepanda. Mwaka juzi kukwama kungekuwa hasara. Mwaka huu ni kumwacha mke na mtoto upande wa pili bila kujua lini.

Nisisahau kusema si kila mtu yuko kama mjomba. Aliye kule kwa viza ya kazi ya H-1B au L-1 iliyo hai, na anarudi kwenye kazi hiyohiyo, anaweza kutoka na ombi lake lisife hata bila kibali. Lakini aangalie stika ya viza kwenye pasi haijaisha muda, maana atahitaji kuingia nayo. Aliyejilipua, yaani aliyepewa hifadhi kwa kusema nyumbani anatafutwa, huyo asije kabisa bila kuongea na wakili, awe na kibali asiwe nacho. Ulisema ukirudi utadhurika, halafu picha zako ziko harusini Msata ukicheza mdundiko... utaulizwa.

Februari tukakaa tena chini ya mwembe, mjomba akiwa kwenye spika ya simu. Mkewe naye alikuwepo, anasalimia "shikamoo" kwa kila mtu hadi kwa watoto. Wakili alikuwa ameshasema asisafiri. Mama alitaka aje, akasema wazi: "Kaka yangu, mke utaoa mwingine, mama humpati mwingine." Mjomba akanyamaza muda mrefu mpaka tukadhani mtandao umekata. Babu mdogo, yuleyule wa kikaratasi, ndiye aliyesema asije. Akasema kama ni kumkosa mtu mmoja kwa muda, au mtoto kumkosa baba kwa miaka isiyojulikana, bibi mwenyewe angechagua lipi?

Nami niko upande wa babu mdogo, na mama hajaongea nami vizuri wiki ya tatu sasa. Najua anachowaza. Novemba kibali kitaisha, na hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba bibi atafika Novemba.

Bibi hatujamweleza yote. Kila Ijumaa jioni mjomba anapiga picha ya video, bibi anaishika simu kwa mkono wa kushoto, anaigeuza nyuma kuangalia kama kuna mtu, na anauliza neno moja analolitamka vizuri kuliko yote: "Lini?"

Wadau wa ughaibuni, kama kuna Mtanzania ametoka na kurudi Marekani kwa kibali hiki mwaka huu wa 2026, naomba aandike hapa chini: uwanja gani, alikaa chumba cha pembeni saa ngapi, walimuuliza nini. Jina si lazima. Mama anasubiri nimsomee.