Farasi Anayekula kwa Pupa

Katika Kenya farasi hufugwa zaidi kwa mashindano ya mbio mjini Nairobi na kwa kupandwa katika mashamba ya nyanda za juu. Amtunzaye kila siku ni saisi, na uhai wa mnyama umo mikononi mwake. Yampasa kila saisi ajue ya kwamba farasi aweza kufa kwa chakula kilicho chema kabisa, iwapo anakila kwa pupa.

Sababu yake ni hii. Maumbile ya farasi ni kula majani kidogo kidogo, mchana na usiku. Akiwa malishoni hula kwa muda wa saa 16 hivi katika saa 24. Mfuko wa tumbo lake ni mdogo, haupiti lita 15 hivi, ingawa mwili wake waweza kuwa na uzito wa kilo 450. Tena farasi hawezi kutapika kama mbwa, na mate yake hutoka wakati anapotafuna tu. Basi akibugia nafaka bila kuitafuna, hushuka ikiwa kavu, na hatari zake ni mbili.

Ya kwanza ni kukwamwa na chakula kooni. Farasi hunyosha shingo, hukohoa, na mate yaliyochanganyika na chakula humtoka puani. Ya pili ni msokoto wa tumbo. Hapo hupiga ardhi kwa kwato, hutazama ubavu wake, hutoka jasho na kugaagaa chini.

Njia za kuzuia mambo hayo si za gharama. Farasi apewe majani makavu kwanza, ndipo apewe nafaka, maana mwenye njaa kali ndiye abugiaye. Farasi wa kilo 450 hutaka majani makavu kilo 7 mpaka 9 kwa siku. Nafaka isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Akihitaji zaidi, igawanywe mara tatu au nne. Itandazwe katika hori pana, ilowanishwe kidogo, na ichanganywe na majani yaliyokatwakatwa. Wengine hutia ndani ya hori mawe laini yaliyo makubwa kuliko kinywa cha farasi, ili alazimike kuitafuta nafaka katikati yake. Kila farasi ale peke yake, asije akaharakisha kwa kumwogopa mwenzake. Maji safi yawepo daima, na meno yakaguliwe na daktari wa wanyama kila mwaka, kwani mwenye meno mabaya hatafuni vizuri.

Farasi akikwamwa, chakula na maji viondolewe mara moja, na daktari wa wanyama aitwe. Asisukumiwe fimbo wala mpira wa maji kooni, maana koo hupasuka upesi. Vivyo hivyo, msokoto wa tumbo usingojewe mpaka asubuhi.

Wenye punda nao wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Punda naye hawezi kutapika. Aliyevuta mkokoteni kutwa bila kula, kisha jioni akatupiwa pumba kavu debe zima, yumo katika hatari iyo hiyo. Apewe majani kwanza, na pumba zilizoloweshwa, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.