Kufunga Upya Sehemu ya Mbele ya Pikipiki Kuukuu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunakwenda kazini kwa pikipiki za zamani. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ni mojawapo, na sehemu yake ya mbele yaweza kufungwa upya nyumbani.

Wekeni gogo imara chini ya injini, gurudumu la mbele liwe juu, kisha zungusheni usukani polepole. Ukinasa katikati, gololi zimechimba vikombe vyake. Grisi haitasaidia, badilisheni gololi pamoja na vikombe. Tandikeni gunia kabla ya kufungua, maana gololi hutoroka.

Foki ikivuja mafuta, sili yake imekwisha. Lakini tazameni kwanza bomba. Likiwa na kutu, sili mpya italiwa vilevile. Mafuta mapya yawe kipimo kimoja pande zote mbili.

Jambo tunalolisisitiza ni vumbi la breki. Breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Sisi tumezoea kulipuliza kwa mdomo, na mafundi hutufundisha hivyo hivyo! Tuache. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji, mkifunge kwenye mfuko kingali kibichi na kukitupa. Nguo za kazi hiyo zisichanganywe na za watoto.

Wakati wa kurudisha gurudumu, hakikisheni mfuo wa sahani ya breki umekaa kwenye kishikio cha foki. Usipokaa, breki ya kwanza itazungusha sahani, gurudumu litafunga ghafla na dereva ataruka mbele.